Shanta Lenye Uzi wa Nyavu

Daktari wa Kibiti alipombonyeza shingoni, Winifrida Komba alipiga ukelele mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia dirishani.

"Mama, unabeba nini kichwani?" daktari akamwuliza.

"Ofisi," akajibu.

Wala hakuwa akitania. Miaka mitatu nyuma shirika alilolitumikia tangu usichana lilipunguza watu, naye akapunguzwa. Alipewa barua, mafao ya kutia kiganjani, na ruhusa ya kununua taipureta moja ndogo kuukuu kwa bei ya kutupa. Wenzake walirudi kwao Songea kulima. Winifrida alisema yeye hana mkono wa jembe. Alipanga chumba Kibiti, akaitia mashine kwenye kikapu cha ukili pamoja na karatasi, kaboni na kisanduku cha wino wa kuwekea dole gumba, akajitwika, akaanza kuzunguka. Leo yuko Mtawanya kwa mwenye kesi ya shamba, kesho Ikwiriri kwa wanunuzi wa ufuta wanaoomba leseni, keshokutwa ndani kabisa ya delta, ambako barua iliyopigwa chapa huheshimiwa kuliko mtu aliyeileta. Redioni wakubwa walisema sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Basi naye alijitafutia, na watu wa delta wakamwita Mama Mashine.

Alikuwa na sharti moja alilofundishwa chuo cha ukarani, akalishika kama dini: mpiga chapa hasomi. Macho yanafuata herufi, vidole vinafuata macho, kichwa kinakaa pembeni kama mgeni asiyehusika. Barua za watu zina siri zao. Mtu akimwuliza, "Jana ulimwandikia fulani nini?" alijibu, "Sijui," na alikuwa anasema kweli tupu. Alijivunia jambo hilo kuliko kasi ya vidole vyake.

"Ukiendelea kujitwika," daktari akamwambia, "utaamka siku moja mkono umekufa ganzi, na hapo hutachapa tena. Tafuta begi la mgongoni."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jioni ileile alikuta ujumbe mezani kwake, umeletwa na dereva wa gari la Nyamisati, kutoka kwa Bibi Mwanamina wa Mtundani, kijiji kilichoko ndani ya delta. Kampuni moja ya chumvi inataka mashamba yao ya mpunga. Serikali imetoa tangazo: mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi, lenye alama za vidole vya wanakijiji, ofisi ya wilaya kule Utete, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Mama Mashine aje Jumatano, asikose.

Kwa hiyo Jumanne alikuwa Ikwiriri mnadani, mbele ya meza ya Mudathiri muuza mitumba, na mashine yake ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Mudathiri alimwonyesha kwanza sanduku jekundu la magurudumu. "Hili, dada'angu, ndilo wanalotembea nalo wakurugenzi. Unalivuta tu."

"Nilivute kwenye tope la Mtundani? Nimepungukiwa?"

Akatoa la pili, jeusi, linang'aa, jipya kutoka Kariakoo, lenye kufuli dogo la shaba. Hilo lilimvutia. Angeingia nalo ofisini mtu angemwita bosi. Lakini Winifrida hakununua kwa macho. Alitia mashine ndani, akavaa, akazunguka mnada mara tatu, wauza nyanya wakimcheka na yeye akiwacheka pia. Mzunguko wa pili kona ya mashine ilianza kumchoma kiunoni. Wa tatu mkanda ukaanza kulia. Aliporudi aliomba kata ya maji akalimwagia begi lile jipya mbele ya watu, kisha akafungua na kuingiza mkono. Ndani kulikuwa chepechepe.

"Karatasi zangu zikilowa hivi," akasema, "nitamweleza nini mtu aliyeniamini?"

"Wewe unanunua begi au unanunua nyumba?"

"Nanunua nyumba. Toa jingine."

La tatu Mudathiri alilitoa chini ya meza, shingo upande. Lilikuwa shanta la rangi ya majivu, limepauka, lina mkanda mpana wa kufunga kiunoni ili uzito usikae mabegani. Lilifunguka ubavu mzima, kwa hiyo angeweza kuitoa mashine bila kupakua kila kitu kama mtu anayehama. Mgongoni lilikuwa na kibao chembamba cha plastiki cha kulishikilia lisinyong'onyee. Maji yaliteleza juu yake. Alipolivaa na mashine ndani, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, shingo yake haikusema neno.

Lilikuwa na kasoro moja. Mkanda wa kulia uliwahi kukatika, ukashonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu. Mudathiri akaanza kuomba radhi, atapunguza bei, lakini Winifrida alikuwa ameushika ule mshono anautazama. Ulikuwa umekaa safu kwa safu, mafundo mawili mawili, hakuna lililolegea. Akaukanyaga mkanda kwa mguu, akauvuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamtoka. Haukusogea.

"Kwa ajili ya huu mshono ndiyo nalichukua," akasema. "Mkanda ambao haujakatika huujui. Uliokatika ukashonwa na mjuzi unaujua."

"Na huku nyuma kinachochakarika ni nini?" Winifrida akauliza, akibonyeza mgongo wa begi.

"Karatasi ya kiwandani. Limetoka Ulaya, belo la juzi tu."

Ulaya gani wanashona kwa uzi wa nyavu za Rufiji, hakuuliza. Akipenda, chongo huita kengeza.

Kesho yake, mtumbwi wa Fikirini ulikuwa umeegeshwa Nyamisati ukimngoja. Fikirini alikuwa mtu wa maneno mengi, na miaka yote alimpokea kikapu chake kwa utani. Siku hiyo alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Leo hujajitwika, Mama Mashine. Umekuwa kama mpimaji."

"Shingo, kaka'angu. Daktari kanikataza."

"Haya." Akashika kafi. "Saa tisa maji yanapwa. Tukizidisha hapo, kile kijito cha Mtundani kinabaki tope, tunalala na kaa. Na ukilala huko, gari la alfajiri umelikosa, na Ijumaa Utete utaisikia kwa jina."

Walifika karibu saa tano. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na juu ya kila dungu, vile vibanda vya miti vya kulindia mashamba, kulikuwa na mwanamke anapiga kelele kufukuza ndege. Winifrida alipokuwa akipita kwenye tuta, kelele zilikatika dungu moja baada ya jingine. Alipunga mkono. Hakuna aliyepunga. Akadhani hawajamtambua kwa sababu ya jua.

Kwenye baraza ya ofisi ya kijiji walikuwa watu kama thelathini. Bibi Mwanamina alikuwa amekaa mbele, mwanamke wa miaka sabini hivi, mkavu, mwenye shamba la kwanza kabisa kando ya kijito. Winifrida alimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mabega ya mgeni. "Kikapu chako kiko wapi?"

"Nimekiacha. Naumwa shingo."

"Huku kwetu mzigo ni wa kichwani, au wa begani. Mgongoni hubebwa mtoto." Bibi aliyasema hayo bila kupandisha sauti. "Waliokuja hapa wamebeba mgongoni ni wapimaji peke yao. Kweli si kweli?"

Watu wakaitikia kuwa kweli.

Ndipo Winifrida alipoelezwa kisa kizima, ambacho kwenye ujumbe hakikuwamo. Wiki moja kabla ya Ramadhani walikuja wapimaji wa kampuni, wapole, mabegi mgongoni. Waliitisha mkutano, wakagawa soda, wakasema wanaangalia tu udongo. Mwisho wa mkutano wakapitisha karatasi ya mistari mitupu. Ya mahudhurio, wakasema, ili tajiri aamini kweli tulikutana nanyi. Watu wakaweka vidole, kwa kuwa mgeni aliyekunywa maji yako humnyimi kidole. Sasa tangazo linasema Mtundani nzima imekubali kuyaachia mashamba kwa hiari yake, na vidole vyao vyote viko Utete, vimeambatishwa.

"Kidole changu cha pili hakigusi karatasi mpaka nijue anayeishika ni nani," Bibi Mwanamina akasema. "Wewe nilikuwa nakujua jana."

Winifrida hakungoja. Akaeleza upesi: daktari, mnada, Mudathiri, belo la Ulaya. Akaweka shanta juu ya meza, akafungua ubavu, akatoa mashine yake ambayo wote waliijua. Mama mmoja akacheka kidogo. Mambo yalikuwa yanaelekea kutulia, na Winifrida alikuwa tayari amezungusha karatasi mbili na kaboni kwenye rola na kuchapa kichwa cha barua, pale mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akisokota uzi alipoinuka na kuja mezani.

Huyo alikuwa Mzee Mshamu, fundi wa nyavu. Hakuitazama mashine. Aliushika ule mkanda wa kulia, akapitisha dole gumba juu ya uzi wa kijani, fundo kwa fundo.

"Nani kakushonea?"

"Limekuja limeshonwa, mzee. Lakini aliyeshona ni mjuzi. Kwa mshono huo ndiyo nikalinunua."

"Mjuzi ni mimi," akasema Mzee Mshamu.

Ndege walisikika wakishuka shambani.

"Begi hili ni la yule mkubwa wao, wa miwani. Lilimkatikia akiruka kijito. Nililishona nimekaa palepale." Akaonyesha ngazi ya baraza. "Ulaya nilikwenda lini mimi?"

Wakasimama wote kwa pamoja. Mwanamume mmoja aliinyakua mashine, akaibeba mpaka ukingoni mwa baraza, chini yake maji. Mwingine alisema Mama Mashine afungwe kamba, apelekwe Utete yeye mwenyewe awe ndiyo barua. Winifrida alilia, "Jamani, nimelinunua! Mwulizeni Mudathiri!" Sauti yake mwenyewe ilimsikikia kama ya mwongo. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa ajili ya mashine kuliko kwa ajili yake, kwa sababu bila mashine asingekuwa na pa kwenda.

"Pekueni," akasema Bibi Mwanamina.

Mzee Mshamu ndiye aliyepekua, polepole, kama anayetafuta tundu kwenye wavu. Mfuko wa mbele hamkuwa na kitu. Ubavuni mlikuwa na karatasi tupu na kisanduku cha wino. Alipobonyeza mgongo wa shanta likachakarika. Akachomoa kile kibao cha plastiki, akaingiza mkono kwenye mpasuko wa bitana, akatoa karatasi moja nyepesi, imekunjwa mara mbili. Aliifunua. Ilikuwa nakala ya kaboni.

"Isome," Bibi Mwanamina akamwamuru Winifrida. "Kwa sauti."

Akasoma. "Mtundani, tarehe 11 Machi. Sisi wanakijiji, ambao alama zetu za vidole zimeambatishwa hapa, tumekubali kwa hiari yetu kuiachia kampuni mashamba yote ya ng'ambo ya kijito kwa ajili ya mabwawa ya chumvi..."

Hapo jicho lake likarudi kwenye neno "kampuni". Herufi ya k ilikuwa imeruka juu ya mstari, unene wa unywele. Akarudi nyuma. Wanakijiji, imeruka. Tumekubali, imeruka. Kwenye kila neno lenye k, ilikuwa imeruka vilevile. Alikuwa anaijua hiyo k kuliko alivyoujua uso wake. Ilianza kuruka mwaka wa kwanza, siku mashine ilipomwangukia kule Bungu, na mafundi wawili walishindwa kuitengeneza.

Kumbukumbu ikamrudia. Ilikuwa gesti moja ya Ikwiriri, mwezi Machi. Bwana mpole mwenye miwani, jina lake Ebenezer, shati jeupe. Alimwagizia soda. Ukurasa mmoja tu, mama, majina ya watu yapo kwenye karatasi nyingine. Vidole vyake vilifuata macho, macho yakafuata mwandiko wa yule bwana, kichwa kikakaa pembeni. Alipomaliza alimpa ya juu na nakala yake, kama ilivyo desturi, akabeba kikapu chake akaenda kula wali. Hata kijiji chenyewe hakukikumbuka. Alikuwa amelichapa jina lake bila kulisoma.

"Mbona umenyamaza?" akauliza mtu.

"Nimemaliza," akasema, na hakuwa amemaliza.

Ajabu ni kwamba kuanzia hapo mambo yakageuka upande wake. Mwenye mashine mkononi aliirudisha mezani. Akasema kama huyu mama angekuwa wao, asingekuja kuwaonyesha begi lao mchana kweupe. Hata mwizi huvaa kanzu nyingine. Bibi Mwanamina alifikiri, kisha akakubali. "Wa miwani atakuwa kamuuzia Mudathiri begi lililokwisha kushonwa. Mudathiri namjua. Angeona bei, angemuuza mamake akasema ametoka Ulaya." Watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka kuogopa. Wakamwambia akae, achape, wataweka vidole. Na karatasi hii mbaya waichane au waifanyeje?

Kutoka kijitoni Fikirini akapiga kelele. "Saa saba na nusu hiyo! Maji yanaondoka!"

Winifrida alikaa. Vidole vilikuwa juu ya herufi, havishuki. Hakuna aliyejua. Hapakuwa na mtu Mtundani awezaye kuujua ule mruko wa k, wala Kibiti, wala Utete. Akinyamaza, watu hawa watapata pingamizi lao, litafika kwa wakati, na yeye ataendelea kuwa Mama Mashine. Akisema, watamtupa yeye na mashine majini, saa sita ya Ijumaa itapita, na mashamba yatakuwa ya chumvi. Kunyamaza kulikuwa ni kwa faida ya wote. Alijiambia hivyo mara mbili, na mara ya pili akaona aibu.

Akainua macho. Mzee Mshamu alikuwa bado amesimama pembeni ya meza. Ile nakala ya kaboni ilikuwa mkono wake wa kushoto. Kichwa chake alikuwa amekiinamisha kwenye rola, penye mistari miwili aliyokwisha kuichapa: KWA MKUU WA WILAYA, na chini yake, kwa herufi ndogo, yahusu pingamizi la wanakijiji. Mzee hakujua kusoma. Alikuwa anatazama kule, kisha huku, kisha kule, kwa macho yaleyale aliyoutazamia mshono.

"Karatasi hiyo niliichapa mimi," Winifrida akasema.

Hakuna aliyeelewa. Ikambidi aseme tena, kwa urefu, gesti, miwani, soda, ukurasa mmoja, na kila neno lilikuwa zito kuliko mashine kichwani.

Bibi Mwanamina aliinuka, akamsogelea mpaka wakatazamana. "Ulisoma?"

"Sikusoma, bibi. Mimi sisomi ninachochapa. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Sisi hatukusoma kwa sababu hatujui. Ndiyo maana wakatuweza. Wewe una macho, una elimu, umekalia maneno yenyewe kwa makalio yako, na hukusoma?" "Mume wangu kazikwa kwenye tuta la shamba lile."

Machozi yalimtoka Winifrida akayaacha yashuke. Yule mwanamume aliyebeba mashine mara ya kwanza akaisogelea tena.

"Iache," akasema Mzee Mshamu.

"Mzee, huyu ndiye..."

"Iache, nshasema." Aliilaza ile nakala juu ya rola, bega kwa bega na karatasi mpya, akaweka kidole kwenye k moja, na kidole kwenye nyingine. "Nimeliona hili dudu linaloruka kwenye karatasi zote mbili. Mshono ni mshono. Nilikuwa nangoja nione kama atasema au atatuacha na ujinga wetu. Kasema."

"Kusema kutarudisha shamba?" Bibi Mwanamina akauliza.

"Na begi nililishona mimi," Mzee Mshamu akasema. Alisema kwa upole. "Alinipa pakiti ya sigara. Nikakaa pale nikashona mafundo mawili mawili, nisitake likatike njiani, kwa vile kazi yangu haikatiki. Humo ndani vidole vyenu vyote vilikuwamo. Sikuuliza linabeba nini. Kama ni kumtupa majini, tutupeni wawili."

Fikirini alipiga kelele tena, safari hii bila utani.

Bibi Mwanamina alifuta uso kwa upindo wa kanga. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayegawa kazi ya shamba. "Tuliweka vidole kabla ya Ramadhani. Karatasi hii imechapwa lini?"

"Tarehe 11 Machi. Baada ya Idi."

"Kwa hiyo siku tunaweka vidole, maneno haya yalikuwa hayajazaliwa. Na anayejua hayo ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi yachape. Jina lako, ulikochapia, nani kakupa, siku gani, na kwamba hapakuwa na kidole hata kimoja mbele yako. Kisha utatusomea yote, neno kwa neno, na ole wako uruke."

Akachapa. Hakuwahi kuchapa kwa kasi ile, wala kwa kichwa chake chote kuwa ndani ya maneno kiasi kile. Aliandika pingamizi la mashamba, maji, makaburi na mpunga uliokuwa unainama. Chini yake akaandika: Mimi Winifrida Komba, mpiga chapa wa Kibiti, ndiye niliyechapa karatasi iliyoambatishwa, na mashine niliyoichapia ni hii ninayoichapia sasa. Akaitoa kwenye rola, akasimama, akawasomea kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili kusoma kazi yake mwenyewe. Alikosea mara moja akarudia.

Vidole vikaanza, na cha kwanza kilikuwa cha Bibi Mwanamina. Alikikandamiza mpaka wino ukapasuka pembeni. Wakafuata wengine, thelathini na mmoja. Mwishoni Winifrida akachukua kalamu atie sahihi, na Bibi Mwanamina akamshika mkono.

"Weka kama sisi."

Akaweka kidole.

Maji yalikuwa yamebaki mfereji tu katikati ya kijito. Akatia mashine ndani ya shanta, karatasi akazikunja pamoja na ile nakala ndani ya plastiki na kuziweka mgongoni, palepale nakala ilipokuwa imejificha. Mzee Mshamu alilinyanyua, akamvika. Kabla ya kumwachia alishika mkanda wa kulia, akauvuta kwa nguvu zake zote za uzee, kama yeye Winifrida alivyouvuta mnadani.

"Nenda," akasema. "Hapa hapakatiki."

Alishuka topeni mpaka magotini. Fikirini alikuwa ndani ya tope pia, anausukuma mtumbwi kwa kifua na kumtukana kwa kila jina alilojaliwa. Mara mbili walikwama. Mara ya pili mtumbwi uliinama, Winifrida akaanguka ubavu, na uzito wote wa mashine ukaning'inia kwenye mkanda mmoja. Aliusikia ukikaza begani. Fikirini akamnyanyua.

Alhamisi gari la Nyamisati liliharibika kabla ya Kibiti. Ijumaa asubuhi pantoni ya Ndundu ilikaa ng'ambo zaidi ya saa nzima, ikingoja lori la mtu mkubwa, na Winifrida akasimama ukingoni na shanta mgongoni, hakulivua hata alipoambiwa akae. Lori la mpunga likamchukua kutoka Nyamwage. Utete aliingia ofisini matope yamemkaukia miguuni, na saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tano na dakika arobaini na tano.

Karani alikuwa kijana nadhifu. Alizipokea karatasi kwa ncha za vidole, akahesabu kurasa, akagonga muhuri wa tarehe, akaandika saa. Kisha jicho lake likaangukia mstari wa chini, akasoma, akainua uso.

"Huyu mpiga chapa ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mama, unajua utaitwa? Na hao wa kampuni watakuja na mawakili wao. Nani atakupa kazi tena Ikwiriri? Labda ulichapa tu walichokwambia hao wanakijiji." Alikuwa anamhurumia kweli, na akamsogezea karatasi ili aweze kuirudisha. "Umesoma lakini kilichoandikwa humu?"

Winifrida aliusogeza ule ukurasa ukarudi upande wa karani.

"Nimesoma," akasema.